Kabla hujachagua chuo, uliza wanafunzi wake hutoka mara ngapi

Msomaji wetu wa Pemba ameandika: "Mwalimu, assalaam alaykum. Nimemaliza kidato cha sita mwezi wa tano, mchepuo wa CBG (kemia, baiolojia na jiografia). Naishi wilaya ya Micheweni na mama yangu analima mwani. Nataka kusoma uendelevu wa mazingira, lakini baba anataka nisome ualimu kwa sababu kazi yake inajulikana. Kaka yangu aliyesoma mazingira anasema alikaa miaka mitatu akinakili notisi, hakugusa kitu. Je, iko kozi ambayo nitajifunza kwa mikono yangu? Na hivi sasa niko nyumbani, nianze na nini?"

Wa alaykum salaam, mwanangu. Kaka yako kasema kweli, wala sitaki umwone mvivu. Nimefundisha masomo ya mazingira hapa Unguja miaka mingi, na nimewapitisha vijana wanaoweza kukujazia kurasa tatu za faida za mikoko, lakini ukiwasimamisha ukingoni mwa Ghuba ya Chwaka hawajui huu ni mkoko na ule ni mchu. Kosa lilikuwa letu. Tuliwapa karatasi, wakaturejeshea karatasi.

Nikueleze siku iliyonibadilisha. Tulikwenda na wanafunzi wa mwaka wa pili kupanda mikoko katika kijiji kimoja cha pwani. Kulikuwa na fulana mpya, bango, wageni waalikwa na picha nyingi. Tukapanda kwenye uwanda wa tope ulio wazi mbele ya msitu, kwa sababu palikuwa patupu na kufika ni rahisi. Hakuna aliyeuliza kwa nini pawe patupu. Miezi sita baadaye nikarudi na wanafunzi wanne tu, kwa daladala. Miche iliyobaki hai ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole, mingine yote vijiti vyeusi. Bibi mmoja aliyekuwa akiokota kombe pale akatwambia kwamba tangu utoto wake hapo hapajaota mkoko hata mmoja. Siku ile ya fulana tulimpita yuyo huyo bila ya kumuuliza.

Wale wanne hawakukubali kurudi mjini na huzuni tu. Mmoja wao baba yake ni fundi mwashi, akaenda kuazima mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi huutumia kusawazisha msingi. Ukiujaza maji, maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja hata kama ncha ziko mbali. Wakaweka ncha moja kwenye shina la mkoko hai ulio chini kabisa, nyengine kwenye miche iliyokufa, wakapima. Tulikuwa tumepanda chini zaidi kwa kiasi cha dhiraa nzima. Maana yake kila maji yakijaa, miche yetu ilikuwa ikizama mapema na kufunuliwa baadaye kuliko mti wowote wa msitu ule. Mizizi haikupata hewa, na mawimbi yakaifikia kabla haijashika. Tena tulichagua mti usio wa pale. Anayesimama mbele kabisa baharini kwa kawaida ni mlilana, aina nyengine ya miti ya msitu wa mikoko, na mkoko wenyewe hukaa nyuma yake. Sisi tuliuweka mkoko mahali ambapo hata mlilana umepakataa.

Nyuma ya msitu wakaona jambo la pili. Palipokatwa zamani miche ilikuwa ikiota yenyewe, haikupandwa na mtu. Ilichohitaji ni kuachwa na maji yapite. Wataalamu wa kurejesha mikoko husisitiza hivyo hivyo: tafuta kwanza kilichouzuia msitu usirudi, ukiondoe, mara nyingi hutahitaji kupanda. Nilikuwa nimelisema hilo darasani kila mwaka. Wanafunzi wangu walilijua siku waliposhika mpira wa maji.

Basi hicho ndicho kipimo nitakachokupa cha kozi nzuri. Jina lake lisikubabaishe. Tafuta kozi itakayokutoa nje, ikakurudisha mahali pale pale mara ya pili na ya tatu, mpaka ulione kosa lako mwenyewe. Safari ya siku moja kwenda Jozani kuwaona kima punju na kurudi na picha ni matembezi mazuri, nami sikukatazi. Lakini hujajifunza kitu mpaka urudi kaskazi ulipopaona kusi.

Kitabu cha mwongozo wa udahili cha Tume ya Vyuo Vikuu kitakuonyesha majina ya kozi na sifa za kuingilia, na kwa CBG mlango wako ni mpana. Yale nitakayokwambia hapa hayamo kitabuni. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kozi unayoitaka, umuulize: muhula uliopita mlikwenda fildi mara ngapi? Gari na boti hulipwa na nani, chuo au mifuko yenu? Mliporudi mlifanya nini na mlichopima? Muombe akuonyeshe ripoti yake ya mradi, uangalie kama kuna namba alizopima mwenyewe au zote kazitoa kwenye ripoti za watu. Majibu hayo utayapata kwa nusu saa. Kozi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa mbali kama Chake na Dodoma.

Kuhusu vyuo vyenyewe, SUZA, chuo chetu cha taifa, kilianzishwa kwa sheria ya 1999 na kuanza kusomesha 2001. Kampasi kuu iko Tunguu, na Pemba lipo tawi la Mchangamdogo. Kwa mtu mwenye hamu kama yako, pa kupatazama kwanza ni tawi lake la kilimo la Kizimbani, kwa sababu shamba liko mlangoni, halafu jiografia na mazingira, na afya ya mazingira kwa anayependa maji safi na taka. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo hapa Unguja tangu 1978, ila hiyo zaidi ni ya watafiti na shahada za juu, kwa hiyo iweke akilini kwa baadaye. Ukivuka bahari, Sokoine Morogoro wana sayansi na usimamizi wa mazingira, Ardhi wana uhandisi wa mazingira, na Dar es Salaam wana sayansi za viumbe vya majini na uvuvi.

Rai yangu, na najua baadhi ya wenzangu hawaikubali: kwa shahada ya kwanza usitafute kozi yenye neno "uendelevu" kwenye jina. Tume ya Brundtland ya Umoja wa Mataifa ilipolieneza neno hili mwaka 1987 ilisema maendeleo yatosheleze mahitaji ya leo bila ya kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutosheleza yao. Maneno mazuri, lakini hayakufundishi kupima chumvi ya kisima. Chukua fani moja yenye mikono, iwe kilimo, bahari, maji au afya, uishike barabara, halafu uendelevu uwe ndiyo jicho lako la kuitazamia. Mwenye fani mkutanoni husikilizwa, kwa sababu ana kitu alichokipima.

Na hesabu usiikimbie. Wanafunzi wengi hupenda bahari na kuchukia takwimu, kisha wanakaa na daftari lililojaa vipimo hawajui la kulifanya. Jifunze pia kuchora ramani kwa kompyuta. Programu ya QGIS ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, pamoja na SUZA na Benki ya Dunia, walianza kuvipiga picha visiwa vyetu kwa droni, na wanafunzi wa SUZA walikuwa miongoni mwa waliofundishwa kuzirusha. Vijana wa hapa, wenye lugha ya hapa, waliiona nchi yao kutoka juu na kuichora. Nikiulizwa mafunzo kwa vitendo ni yepi, huo hutangulia katika mifano ninayoitoa.

Sasa baba yako. Usimpinge kabla hujamsikiliza. Ualimu wa baiolojia na jiografia si njia ya kukukimbiza na mazingira. Mwalimu wa skuli ya Konde au Micheweni anakaa na watoto arubaini mwaka mzima, na bahari iko umbali wa kutembea. Chuoni mimi huwapata wakishazoea kunakili, yeye huwapata mapema. Ukisoma ualimu wa sayansi ukauchukua kwa roho moja, ukawatoa watoto kupima, kazi utakayoifanya ni kubwa kuliko ya maafisa wengi. Lakini kama moyo wako uko kwenye utafiti, mwambie baba wazi kwamba nafasi za ajira zipo ila si nyingi: idara za serikali, Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira, mahoteli yanayotakiwa kuangalia maji na taka zao, jumuiya za uhifadhi. Mzazi huridhika zaidi na ukweli wenye mpango kuliko ahadi.

Nimefika nilipotaka kufika, nako ni nyumbani kwenu. Umeandika "mama yangu analima mwani" kama jambo la kupita, na mimi naliona ndiyo maabara yako ya kwanza. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar, na wengi wa wakulima ni wanawake. Kilimo cha biashara kilianza 1989 upande wa Paje na Jambiani, kwa mbegu mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei nzuri, lakini ndiyo nyonge. Maji yakishapita nyuzi 30 hivi huanza kuteseka, ncha zikawa nyeupe, zikavunjika na kuanguka. Bahari yetu inazidi joto, na sehemu nyingi kotonii imewashinda wakulima wakabaki na spinosamu. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyekuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari, amefanya kazi miaka mingi pamoja na akina mama hawa, wakajaribu kuupeleka mwani kwenye kina kirefu, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama bomba, ili ukae kwenye maji ya baridi zaidi. Njia hiyo ina faida na ina ugumu wake: inataka chombo, na inataka mtu ajue kuogelea, na mama zetu wengi hawakufundishwa. Hapo unaona kwa nini nasema fani peke yake haitoshi. Joto la maji ni sayansi, lakini nani anajua kuogelea na nani ana ngarawa ni jambo la jamii, nalo ndilo linaloamua.

Una miezi kadhaa kabla vyuo havijafunguliwa. Nunua daftari gumu na penseli, maana wino hulowa. Tafuta kipimajoto cha maji na mizani ndogo ya jikoni. Katika shamba la mama chagua vikonyo kumi vya mbegu, uvipime kimoja kimoja kabla ya kuvifunga kwenye taitai, vile vijikamba vya kufungia mwani, na kila kimoja ukiwekee alama ya uzi wa rangi. Bamvua inayofuata, yaani siku za maji makubwa, uvipime, na ya pili yake pia. Tuseme kikonyo kilikuwa gramu 100, na baada ya siku 28 kimefika gramu 300. Usiandike "kimeongezeka gramu 200" ukafunga daftari. Mwani hukua juu ya kile kilichokwisha kukua, mfano wa kuku na vifaranga vyake, kwa hiyo gawa 300 kwa 100 upate 3, chukua logi asilia ya 3 uigawe kwa 28. Utapata 0.039, yaani karibu asilimia 4 kwa siku. Kwa namba hiyo unaweza kulilinganisha shamba la mama na la jirani, kamba ya juu na kamba ya chini, bamvua ya masika na bamvua ya kipupwe. Kila ukipima uzito, pima na joto la maji pale pale kwenye kamba, na uandike saa.

Tarehe ziandike mbili, ya Miladia na ya Hijria. Nakuomba usilipuuze hili. Bamvua hufuata mwezi: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana, na katikati, karibu na siku ya nane na ya ishirini na mbili, huwa maji mafu. Kwa hiyo tarehe ya Hijria peke yake inakwambia bahari ilikuwaje siku ile. Mama yako analijua hilo tangu hajaingia skuli. Muulize bamvua gani mwani hukua vizuri na gani hufa, uyaandike maneno yake kama alivyoyasema kabla hujapima, kisha uone namba zako zinamuunga mkono wapi na zinatofautiana naye wapi. Mahali zinapotofautiana ndipo penye kazi. Usikimbilie kudhani mama ndiye aliyekosea.

Kama mna kisima karibu na pwani, hapo pana mradi mwengine mdogo usio na gharama. Shusha kamba yenye jiwe, upime kina cha maji wakati bahari imejaa na wakati imetoka, bamvua na maji mafu. Kwenye mawe ya matumbawe utaona maji ya kisima yanapanda na kushuka na bahari. Mtu akishaona hivyo kwa macho yake, hahitaji kuambiwa kwa nini kuvuta maji mengi kwa pampu karibu na ufukwe huleta chumvi.

Ukipata nafasi ya kusafiri ndani ya Pemba, nenda Kidike uone popo wa Pemba, ambaye hapatikani popote duniani ila kisiwani kwenu. Halafu, khasa, jitahidi ufike Kisiwa Panza. Wavuvi wa huko wamekuwa wakifunga sehemu ya bahari miezi kadhaa ili pweza akue, kisha wakaifungua. Pweza hukua haraka mno, kwa hiyo miezi michache tu inamtofautisha wa nusu kilo na wa kilo mbili. Lakini angalia siku ya kufungua. Watu huja wengi kwa pamoja, na wakivuna kila kitu ndani ya siku mbili, faida ya miezi yote inaweza kwisha hapo. Mwanafunzi mwenye mizani anayekaa kijijini wiki nne baada ya ufunguzi, akapima kila siku waliovuliwa na idadi ya waliokwenda kuvua, atawapa wavuvi jibu wanalolihitaji kwa mara nyengine. Mradi wa namna hiyo wa mwaka wa mwisho ningeusimamia kwa furaha.

Kokote uendako anzia kwa sheha, kisha kamati ya wavuvi au ya wakulima. Na hapa nina jambo linaloniuma. Pwani zetu zimepitiwa na watafiti wengi, wa hapa na wa nje, wakauliza, wakaandika, wakaondoka na kila kitu. Nimekaa barazani kwa watu waliohojiwa mara tano na hawajasomewa hata ukurasa mmoja wa kilichoandikwa juu yao. Kuna kijiji walinikatalia mahojiano, wakanambia, "Namba zetu mnazo, zetu sisi ziko wapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo simpitishi mwanafunzi wangu mpaka aniletee ushahidi kwamba alirudi, akakaa chini, akawasomea kwa Kiswahili alichokipata, hata kama alichokipata ni kidogo. Kwako wewe, kurudi ni kuvuka ua tu: siku utakapomaliza hesabu ya vikonyo kumi, waite mama na wenzake, uwaonyeshe kikonyo chenye uzi mwekundu kilikuwaje na kimekuwaje.

Mtihani umekwisha, matokeo yakitoka utaomba chuo, na fomu itakuuliza kozi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Kabla ya siku hiyo uwe umeshapima bamvua mbili. Kama utakuwa umeipenda kazi ile mvua ikinyesha na tope limefika magotini, weka bahari au kilimo mwanzo. Kama utakuwa umependa zaidi kumweleza mdogo wako unachokifanya, weka ualimu wa sayansi mwanzo, na baba atafurahi bila ya wewe kujilazimisha. Bamvua ya karibu muulize mama, yeye anaijua bila ya kalenda. Toka naye mapema, vaa viatu vya kuzuia miba ya fuma na wanyama wengine wa baharini, na uzito wa vikonyo uuandike hapo hapo ndani ya maji, kabla hujarudi ufukweni. Ukishapata namba za kwanza niletee, hata zikiwa zimekaa vibaya, tuzitazame pamoja.